Makaa Bila Njia

Sir Roger Newdigate alikuwa na makaa ya mawe. Alichokosa ni njia ya kuyafikisha sokoni. Ardhi yake ya Arbury, kaskazini mwa Coventry huko Uingereza, ilikalia migodi, lakini katika karne ya 18 bei ya makaa ilipanda kwa kila maili yaliyosafiri. Barabara zilikuwa za udongo, mvua ikinyesha ni tope tupu, na kwa sheria wanakijiji ndio waliozitengeneza, siku 6 kwa mwaka bila ujira. (Nani angejituma?) Farasi mmoja alibeba mgongoni kama kilo 125. Farasi huyohuyo, akitembea ukingoni mwa mfereji na kamba ya mashua nyuma yake, alivuta tani 25 na zaidi. Ukitaka kuelewa siasa za Sir Roger, anza na hesabu hiyo.

Maana alikuwa pia mbunge, mwakilishi wa Chuo Kikuu cha Oxford kuanzia 1751 hadi 1780. Mifereji ya biashara haikuchimbwa kwa fedha za serikali, ambazo kwa sehemu kubwa zilimezwa na vita na madeni yake. Bunge lilitoa kibali tu: sheria iliyoruhusu kuweka lango barabarani na kutoza ushuru, au kuunda kampuni, kuuza hisa na kupitisha mfereji katika ardhi za watu kwa fidia. Mtaji wenyewe ulitoka kwa wenye mali. Mfereji wa Coventry, ambao Sir Roger aliupigania, uliidhinishwa 1768, wa Oxford 1769, na mwaka huo makaa ya migodi ya jirani ya Bedworth yakaingia Coventry kwa maji. Kisha fedha zikakata. Mhandisi James Brindley akaachishwa kazi, na mfereji wa Coventry haukukamilika hadi 1790.

Wapo watakaosema juhudi hizi za Sir Roger zilikuwa uchoyo uliovikwa joho la manufaa ya umma. Sikatai, alijichimbia hata mifereji yake binafsi iliyoungana na ule mkubwa. Lakini sheria iliyompa njia ilimbana pia: iliweka kikomo cha ushuru, na aliyelipa alipita, hata akiwa mshindani wake. Pingamizi zito ni jingine: asiye na ardhi wala kura hakuulizwa lolote, na unafuu wa bei ya makaa haufuti hilo.

Sir Roger alifariki 1806. Mifereji yake ya Arbury iliachwa zamani. Ule wa Coventry ungali unapitisha mashua, sasa za watalii.