Kwa Nini Dhahabu Imo Kakamega Wala Haimo Thika

Mchanga wa kujengea uletwao Thika kwa malori kutoka mito ya Machakos hung'aa sana juani. Mtu akiuchota kiganjani huona vibanzi vyembamba vyenye rangi ya manjano, na si ajabu moyo ukamdunda akidhani amefikiwa na bahati. Vibanzi hivyo si dhahabu. Ni ulanga, jiwe liwezalo kubanduka tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu. Wako walaghai wanaoijua tofauti hiyo vizuri, nao huwauzia watu mawe na mchanga wenye kumeta wakisema ni dhahabu iliyotoka Kakamega. Jina la Kakamega hutajwa kwa sababu huko dhahabu ipo kweli. Basi ni vema kueleza kwa nini ipo huko, na kwa nini katika nchi ya Thika na Ruiru hakujafunguliwa mgodi wa dhahabu hata mmoja.

Anayesimama penye maporomoko ya mto Chania au ya mto Thika, karibu na mji, huona mwamba uliojengwa tabaka juu ya tabaka. Zamani mwamba huo ulikuwa moto ulioyeyuka. Volkano za upande wa Bonde la Ufa na milima ya Nyandarua ziliipasua nchi na kumwaga mwamba ulioyeyuka na majivu mengi, sehemu kubwa ya kazi hiyo ikifanyika katika miaka milioni 15 hivi iliyopita. Majivu yaliyogandamana yamekuwa jiwe laini lenye kukatika vizuri, na ndilo jiwe lichimbwalo Ndarugo na Juja, ambalo kwalo nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa. Mwamba uliooza umekuwa udongo mwekundu wa mashamba ya kahawa na mananasi. Huo si utajiri mdogo. Lakini volkano hizo hazikuleta dhahabu.

Chini ya mawe hayo ya volkano upo mwamba mwingine wa zamani zaidi, nao hujitokeza pale Kilima Mbogo. Huo ulikandamizwa na kuokwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, hata ukageuka kuwa mawe yenye mistari ya rangi nyeupe na nyeusi, na humo ndimo uliomo ulanga. Mito ya Machakos huusaga mwamba wa namna hiyo na kuuchukua ulanga pamoja na mchanga. Kwa hiyo kile king'aacho katika lori la mchanga ni kitu halisi chenye asili yake, ila si kile kinachotafutwa.

Mawe ya Kakamega ni ya kale kuliko hayo yote. Umri wake wapita miaka milioni 2,500, wakati ambapo duniani hapakuwa na mti wala mnyama. Wataalamu wa miamba wameyagawa mafungu mawili. La kwanza huitwa Nyanzian, nalo ni la mawe ya volkano za nyakati hizo. La pili huitwa Kavirondian, nalo ni la mchanga, matope na kokoto zilizochukuliwa na maji na kugeuka kuwa mwamba. Baadaye mawe ya matale, yaani graniti, yalipanda kutoka chini yakiwa moto, yakayasukuma mafungu hayo mawili hata yakapindika na kupasuka. Katika nyufa hizo yalipita maji ya moto sana kutoka vilindini, nayo yalikuwa yamebeba dhahabu kidogo kidogo iliyoyeyuka ndani yake.

Kila mpishi amekwisha kuona namna maji ya kisima yanavyoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria yanapochemshwa mara nyingi. Ndivyo ilivyokuwa katika nyufa zile. Maji yalipopanda na kupoa, yaliacha jiwe jeupe gumu liitwalo kwatsi, na pamoja nalo chembe za dhahabu. Ufa uliojazwa hivyo huitwa mshipa. Mshipa huweza kuwa mwembamba kama kidole au mpana kuliko mlango, huweza kwenda mbali au kukatika ghafula, na ndiyo maana mchimbaji mmoja hupata mali na jirani yake akaambulia mawe matupu.

Dhahabu haikuja peke yake. Katika mishipa ya Kakamega imo pia madini ya chuma na salfa yenye rangi ya manjano iliyopauka, ambayo wengi duniani wameyaita dhahabu ya wajinga. Yamo madini ya risasi na ya shaba kwa uchache. Na yamo madini yenye aseniki, ambayo ni sumu. Kuyatambua si kazi ngumu. Dhahabu ikigongwa kwa nyundo hubonyea na kutandazika, haivunjiki. Ile ya wajinga huvunjika vipande na kutoa harufu ya kiberiti. Dhahabu ikisuguliwa juu ya kigae kisichong'arishwa huacha mstari wa manjano, lakini mwenzake huacha mstari mweusi. Tena dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji. Katika karai la kuoshea hutulia chini kabisa, hali ulanga huyumba na kuchukuliwa na maji kama jani kavu.

Kwa karai namna hiyo ndivyo dhahabu ilivyogunduliwa mwaka 1931, katika mchanga wa vijito vya nchi ya mto Yala, na Mmarekani aitwaye Johnson aliyekuwa akilima upande wa Turbo. Miaka ile ilikuwa ya dhiki: bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeanguka, na mamia ya Wazungu wakakimbilia Kakamega. Nchi hiyo ilikuwa hifadhi ya Waafrika. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ikitwaliwa katika hifadhi, itolewe ardhi nyingine badala yake, na baraza la wenyeji liulizwe kwanza. Mwezi wa Desemba 1932 sheria hiyo ikageuzwa, ikawa fedha zatosha kuwa fidia na wenyeji si lazima waulizwe. Haikutimia miaka mitatu tangu ahadi kutolewa. Uchungu wa jambo hilo ulikumbukwa katika nyumba za Waluhya muda mrefu baada ya wachimbaji kuondoka.

Dhahabu ya mitoni iliisha upesi, na wenye mtaji wakaanza kuifuata mishipa yenyewe chini ya ardhi. Mgodi uliofaulu kuliko yote ulikuwa wa Rosterman, kando ya mji wa Kakamega, uliofanya kazi tangu 1935 hadi 1952. Ulitoa zaidi ya aunsi 250,000 za dhahabu, yaani zaidi ya kilo 7,000. Mawe yake yalikuwa mema: kila tani ilitoa gramu 13 hivi kwa wastani. Ni vema msomaji aipime hesabu hiyo kwa macho. Gramu 13 za dhahabu hazizidi haragwe moja kubwa, na ili kulipata haragwe hilo ilipasa tani nzima ya jiwe gumu ipasuliwe kwa baruti, ipandishwe juu, na isagwe hata iwe unga. Maelfu ya Waafrika waliifanya kazi hiyo katika migodi ya Kakamega.

Hapa ndipo ulipo ukweli ambao wauza ndoto hawausemi. Jiwe lenye dhahabu huitwa mali pale tu ambapo dhahabu iliyomo yalipa gharama ya kuitoa. Mwaka 1934 Marekani iliweka bei ya aunsi moja kuwa dola 35, na bei hiyo ilikaa hapo miaka mingi, huku mishahara, baruti na mashine vikizidi kupanda bei. Kadiri mgodi ushukavyo chini ndivyo gharama zake zizidivyo. Mwaka 1952 Rosterman ulifungwa. Dhahabu haikuwa imekwisha yote. Jina la mgodi limebaki kuwa jina la mtaa, na bei ilipopanda tena katika miaka ya karibuni kampuni zilirudi kupima mishipa ya Kakamega, hasa upande wa Isulu na Bushiangala.

Wenyeji nao wanachimba kwa mikono yao, na hatari zao ni kubwa kuliko za wazee wao. Mashimo yasiyotegemezwa kwa miti huporomoka wakati wa mvua. Unga wa mawe huoshwa kwa zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu. Kisha mchanganyiko huo huchomwa motoni, mara nyingi jikoni au uani. Zebaki hugeuka mvuke usioonekana, nao huingia mapafuni na kuharibu mishipa ya fahamu. Mikono huanza kutetemeka. Mtoto aliye tumboni mwa mama huathirika kuliko watu wote. Kuchoma zebaki penye watoto au mama mwenye mimba ni kosa lisilo na udhuru, hata kama haragwe linalopatikana ni kubwa namna gani.

Wengi huuliza kama mwenye shamba ni mwenye dhahabu iliyomo chini yake. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, siyo. Madini yote ni mali ya Jamhuri, na Serikali huyashika kwa niaba ya wananchi. Mchimbaji mdogo hupaswa kuwa na kibali, na ushuru wa madini hugawanywa hivi: asilimia 70 kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Anayefanya biashara ya kununua na kuuza dhahabu hana budi kuwa na leseni ya kazi hiyo, na mnunuzi ana haki ya kuiona kabla hajafungua mkoba wake. Mkazi wa Thika aliyeokota jiwe lenye kumeta naye ana mahali pa kulipeleka lipimwe: ofisi za idara ya madini zilizo Madini House, Nairobi.