Cheksamu: Kuhakiki Faili kwa Amri Moja

Cheksamu ni mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu unaopatikana kwa kulipitisha faili lote, baiti baada ya baiti, katika kanuni ya hesabu. Faili lilelile hutoa mfuatano uleule siku zote, kwenye kompyuta yoyote. Ikibadilika biti moja tu, mfuatano hugeuka kabisa. Jina la faili halihesabiwi. Kinachopimwa ni yaliyomo.

Haja yake inatokana na safari ya faili. Nakala ya kusakinishia Linux, yenye jigabaiti kadhaa, hupitia mtandao unaokatikakatika, flashi iliyochakaa, au diski yenye sehemu mbovu. Gunia la mchele hupimwa linapotoka ghalani na linapofika sokoni, lakini mizani haiwezi kumtambua aliyetoa kilo mbili za mchele na kutia kilo mbili za mchanga. Ukubwa wa faili nao ni uzito tu. Cheksamu huchunguza kila punje.

Kanuni inayotumika sana leo ni SHA-256, iliyofanywa kiwango rasmi cha serikali ya Marekani mwaka 2002. Matokeo yake ni biti 256, zinazoandikwa kwa alama 64: tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Programu ya kuipata huwa tayari imo ndani ya kompyuta. Kwenye Linux hufunguliwa dirisha la amri na kuandikwa sha256sum, nafasi, kisha jina la faili. Kwenye kompyuta za Apple amri ni shasum -a 256, ikifuatwa na jina la faili. Kwenye Windows ni certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256.

Mfuatano unaotokea hulinganishwa na ule uliotangazwa na mwenye faili. Wengi huangalia alama nne za mwanzo na nne za mwisho, wakaridhika. Ni afadhali kuiachia kompyuta kazi hiyo. Watengenezaji wa Linux Mint, kwa mfano, huweka kando ya nakala zao faili dogo liitwalo sha256sum.txt, lenye orodha ya cheksamu. Likiwa katika folda moja na nakala iliyopakuliwa, amri sha256sum -c sha256sum.txt --ignore-missing husoma orodha, hupima nakala iliyopo na kujibu OK au FAILED.

FAILED si lazima iwe dalili ya uovu. Mara nyingi upakuaji ulikatika njiani, au cheksamu iliyosomwa ni ya toleo jingine. Mfuatano unaoanza na e3b0c442 huashiria kwamba faili ni tupu, halina hata baiti moja. Mafaili ya maandishi nayo yana mtego wake: Windows na Linux humalizia mistari kwa alama tofauti, hivyo maandishi yanayofanana machoni huweza kutoa cheksamu mbili.

Kanuni za zamani bado zinaonekana. MD5, iliyobuniwa na Ronald Rivest mwaka 1991, hutoa alama 32. Mwaka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake walionyesha kwamba data mbili tofauti zinaweza kutengenezwa zikatoa MD5 moja. Mwaka 2017 Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam walitoa nyaraka mbili za PDF, tofauti kwa sura, zenye cheksamu moja ya SHA-1, kanuni nyingine ya zamani. MD5 ingali inafaa kugundua faili lililoharibika kwa bahati mbaya. Mbele ya mtu mwenye nia mbaya haifai kutegemewa.

Hata SHA-256 ina mpaka, na hapa ndipo watumiaji wengi hukosea. Cheksamu huthibitisha kwamba faili ni sawa na lililopimwa, lakini haisemi ni nani aliyelipima. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia katika tovuti ya Linux Mint, wakabadilisha kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon ili kielekeze kwenye nakala yenye mlango wa siri. Awezaye kubadilisha kiungo katika tovuti aweza pia kubadilisha cheksamu iliyoandikwa chini yake, na mpakuaji akapata OK kwa faili la mwizi.

Kwa hiyo orodha ya cheksamu hutiwa saini ya kidijitali. Amri gpg --verify sha256sum.txt.gpg sha256sum.txt huikagua saini hiyo kwa ufunguo wa umma wa watengenezaji, nayo hujibu Good signature ikiwa orodha haijaguswa. Mara nyingi jibu hilo hufuatwa na onyo kwamba mwenye ufunguo hajathibitishwa. Onyo hilo huwatisha wengi, ingawa maana yake ni kwamba kompyuta haijui ufunguo ni wa nani. Alama ya utambulisho ya ufunguo inapaswa kulinganishwa na iliyopatikana mahali pengine, mbali na tovuti iliyotoa faili. Ulinganishaji huo hufanywa mara moja. Ufunguo ukishahifadhiwa, hutumika kukagua matoleo yajayo hadi watengenezaji watakapoubadilisha.