Afrika ya Kusini: Namna sheria juu ya kutoa mimba na juu ya waganga zilirudishwa kwa raia wa majimbo

Tarehe 17 Agosti 2006, Korti ya Katiba ya Afrika ya Kusini, mjini Johannesburg, ilitangua sheria mbili kwa siku moja. Moja ilihusu kutoa mimba. Ingine ilihusu waganga wa kienyeji. Majaji hawakusema kama kutoa mimba ni haki ao ni dhambi, wala hawakusema kama dawa za mizizi zinaponya. Walisema kitu kimoja tu: raia wa majimbo hawakupewa nafasi ya kusikilizwa mbele sheria hizo hazijapitishwa.

Kwa msomaji wa Goma, Bunia ao Lubumbashi, jambo hili si la mbali sana. Familia nyingi za mashariki ya Kongo ziko na ndugu Johannesburg, Durban ao Cape Town, ambao wanatibiwa katika vituo vya afya vinavyoongozwa na sheria hizo. Tena Kongo nayo iko na Seneti, baraza ambalo kazi yake ni kuleta sauti ya majimbo Kinshasa. Swali ambalo majaji wa Johannesburg walijibu linaweza kuulizwa huku pia: sauti ya jimbo ni ya nani? Ni ya mtu anayekaa kwenye kiti katika mji mkuu, ao ni ya raia waliobaki kijijini?

Kesi ilifunguliwa na shirika la madaktari lenye jina Doctors for Life International, lililoanzishwa mwaka 1991. Shirika hilo halikuficha msimamo wake. Linapinga kutoa mimba, na halikufurahia kuona waganga wa kienyeji wanapewa cheo ndani ya mfumo wa afya. Lakini mbele ya majaji halikujenga kesi yake juu ya Biblia wala juu ya mambo ya hospitali. Lilisema Bunge halikufuata njia ambayo Katiba inaagiza. Hapo ndipo liliwabana wakubwa wa Bunge.

Sheria zenyewe

Tangu tarehe 1 Februari 1997, mwanamke katika Afrika ya Kusini anaruhusiwa kutoa mimba kwa ombi lake mwenyewe mpaka juma la 12. Kutoka juma la 13 mpaka la 20 inahitaji sababu, kwa mfano hatari kwa afya yake, kubakwa, mimba ya ndugu wa damu, ao hali ya maisha ambayo ingeharibika sana. Kisha hapo, milango ni michache. Sheria hiyo ya mwaka 1996 ilileta ubishi mkali. Chama cha ANC, kilichokuwa na wabunge wengi, hakikuwaachia wabunge wake kupiga kura kila mtu kufuata dhamiri yake.

Marekebisho ya mwaka 2004 hayakugusa hesabu ya majuma. Yaligusa nani anafanya kazi hiyo na wapi. Mbele ya hapo, katika majuma 12 ya kwanza, kazi iliruhusiwa kwa daktari na kwa mkunga aliyepata mafunzo. Marekebisho yaliongeza wauguzi waliopata mafunzo. Vituo vyenye huduma ya uzazi saa 24 havingehitaji tena ruhusa ya pekee kwa mimba za majuma 12 ya kwanza. Na mamlaka ya kuidhinisha vituo ilitoka kwa waziri wa taifa, ikaenda kwa waziri wa afya wa kila jimbo.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito, hata kama halikupigiwa kelele nyingi. Kwa msichana wa kijijini, sheria nzuri iliyoandikwa mji mkuu haina faida kama kituo cha karibu kiko mbali kilomita 200. Kituo hicho kifunguliwe ao kisifunguliwe, uamuzi ungekuwa sasa wa jimbo. Kwa hiyo ni raia wa majimbo waliokuwa na haki ya kwanza ya kusema kitu, wale wanaokubali na wale wanaokataa.

Juu ya waganga, historia ni ndefu zaidi. Chini ya wazungu, mganga alikuwa mtu wa kutazamwa kwa jicho baya. Sheria ya mwaka 1957 ya kupiga vita uchawi ilifanya kuwa kosa kumtaja mtu kuwa mchawi, na pia kujidai kuwa na ujuzi wa uchawi. Kazi ya sangoma, anayetafuta chanzo cha ugonjwa kwa kuongea na mababu, ilikuwa karibu sana na mstari huo. Watu waliendelea kumwendea, lakini kisheria hakuwa na mahali pa kusimama. Hesabu inayorudiliwa mara nyingi ni kwamba waganga wa inchi hiyo ni kama 200,000.

Sheria mpya ilitaka kuwapa baraza lao, daftari la majina, na kanuni za kazi. Iliwapanga katika makundi: wenye kupiga ramli, wenye kutibu kwa majani na mizizi, wakunga wa kienyeji, na wale wanaotahiri vijana porini. Mtu asiyeandikishwa ambaye angejidai kutibu kansa ao Sida angefuatwa na sheria. Wakati huo Sida ilikuwa inaua watu wengi sana katika inchi hiyo, na waziri wa afya, Manto Tshabalala-Msimang, alikuwa amejulikana dunia nzima kwa kusifu kitunguu saumu na limau huku wagonjwa wakidai dawa za hospitali. Kwa hiyo si ajabu kwamba madaktari fulani waliona sheria ya waganga kama mlango unaofunguliwa vibaya. Waganga wenyewe walikuwa na maswali yao: nani ataketi katika baraza, nani atapima elimu ambayo haifundishwi darasani, na mtu aliyeitwa na mababu atalipa pesa gani ili aandikwe?

Kura moja kwa kila jimbo

Ili kuelewa kosa, inafaa kuelewa mashine. Bunge la Afrika ya Kusini liko na vyumba viwili. Chumba cha pili kinaitwa Baraza la Taifa la Majimbo. Majimbo ni 9, na kila jimbo linatuma wajumbe 10, jumla 90. Wakati sheria inagusa mambo ambayo majimbo yanashugulikia, kama afya, wajumbe hao hawapigi kura kila mmoja kwa kichwa chake. Kila jimbo liko na kura moja. Bunge la jimbo linakaa, linazungumuza, kisha linawapa wajumbe agizo: kubalini, kataeni, ao ombeni marekebisho. Sheria inapita kama majimbo 5 yanakubali. Northern Cape, jimbo kubwa kuliko yote kwa eneo na lenye watu wachache kuliko yote, liko na kura sawasawa na ya Gauteng, kwenye watu wengi kuliko majimbo yote.

Katika Kongo, Katiba ya mwaka 2006 imechagua njia ingine. Wabunge wa jimbo wanachagua maseneta, 4 kwa kila jimbo na 8 kwa Kinshasa. Lakini kifungu cha 104 kinasema kwamba seneta anawakilisha jimbo lake na hata hivyo kazi yake ni ya taifa zima, na kwamba agizo lolote la kumfunga ni bure. Bunge la jimbo la Kivu ya Kusini linaweza kumtuma seneta Kinshasa; haliwezi kumwambia apige kura namna gani.

Agizo la jimbo linaonekana jambo zuri kwenye karatasi. Shida ilikuwa saa. Baraza la Majimbo linafanya kazi kwa mzunguko wa majuma machache. Ndani ya muda huo, mswada unapaswa kufika jimboni, kuelezwa, kuzungumuzwa, kupata agizo la kwanza, kurudi kwenye kamati, na kupata agizo la mwisho. Kwa sheria hizi mbili, Baraza lenyewe liliona kwamba raia wanazifuata kwa karibu, na likaamua kwamba mabunge ya majimbo ndiyo yataita vikao vya kuwasikiliza. Majimbo mengi hayakuita kikao hata kimoja. Sababu kubwa ilikuwa muda mfupi. Sheria zikapigiwa kura hivyo hivyo.

Inafaa kukumbuka pia kwamba kisha uchaguzi wa 2004, ANC kiliongoza serikali za majimbo yote 9. Wakati chama kimoja kinakaa juu na chini, ni rahisi kwa jimbo kuamini kwamba kazi yake ni kukubali tu.

Majaji walisema nini

Jaji Sandile Ngcobo, ambaye baadaye alikuwa mkubwa wa majaji wa inchi hiyo, aliandika hukumu ya walio wengi. Katiba, alieleza, haikuunda demokrasia ya kupiga kura kila miaka 5 peke yake. Iliweka pamoja uwakilishi na kushiriki kwa raia. Bunge liko huru kuchagua namna ya kuwasikiliza: kikao, barua, ziara ya kamati. Lakini nafasi hiyo inapaswa kuwa ya kweli. Jaji alikazia kwamba nafasi hiyo inawafaa zaidi wale wasiokuwa na uwezo, katika inchi ambamo tofauti ya mali na ya nguvu ni kubwa sana. Tajiri anajua mlango wa waziri; mganga wa kijijini hana mlango mwingine zaidi ya kikao hicho. Juu ya sababu ya muda mfupi, jibu lilikuwa kali: ratiba ya Bunge ndiyo inapaswa kufuata Katiba, si Katiba kufuata ratiba.

Majaji hawakuwa sauti moja. Jaji Zak Yacoob alikataa. Kwake, raia wamekwisha kuchagua wabunge, na kukosa kuwasikiliza tena hakuwezi kutosha ili kuua sheria. Hoja hiyo si ya kutupa. Kama kila sheria inaweza kuanguka kwa sababu ya kikao kimoja kilichokosekana, mtu mwenye pesa za kulipa mawakili anaweza kusimamisha Bunge kila mara.

Korti yenyewe iliweka mpaka. Shirika lilikuwa limeshambulia sheria nne. Ile juu ya mafundi wa meno iliponyoka kwa sababu raia hawakuwa wameonyesha kuijali wakati walipoombwa maoni. Ya nne, juu ya kufunga uzazi, nayo ilibaki, kwa sababu kesi ilikuwa imefunguliwa mbele haijawa sheria. Kwa zile mbili zilizotanguliwa, Bunge lilipewa miezi 18 ili kurudilia kazi, na muda huo ziliendelea kutumika.

Zilirudi karibu sawasawa

Mwaka 2007 miswada ilirudi majimboni. Safari hii vikao viliitwa. Makanisa, waganga, wauguzi na mashirika ya wanawake walipata nafasi ya kusema, na wapinzani wa kutoa mimba walikuja kwa nguvu. Kisha Bunge likapitisha sheria zote mbili tena, na mwanzoni mwa 2008 zilikuwa zimekwisha kutiwa sahihi. Ile ya waganga ikawa sheria namba 22 ya 2007. Ile ya kutoa mimba ikawa namba 1 ya 2008. Mambo makubwa ndani yake yalibaki yale yale: wauguzi waliingia, mamlaka juu ya vituo yalienda majimboni, baraza la waganga likaandikwa.

Kwa hiyo shirika lililoshinda kesi halikupata ilichotaka. Na mtu anaweza kusema kwamba miezi 18 ilipotezwa bure. Hesabu hiyo inasahau waganga. Sheria ya kwanza iliyowatambua baada ya miaka mingi ya kudharauliwa ilikuwa imepitishwa bila wengi wao kuulizwa, na ni kesi ya wapinzani wao iliyowafungulia mlango.

Kazi ilibaki polepole. Baraza la kwanza la waganga, la muda, lilianza mwaka 2013 tu. Juu ya kutoa mimba, shirika la Amnesty International lilionyesha mwaka 2017 kwamba vituo vilivyotoa huduma hiyo havikufika asilimia 7 ya vituo vya afya vya serikali. Wauguzi wengi wanakataa kwa sababu ya imani yao, na jimbo lenye mamlaka ya kufungua kituo linaweza pia kukaa kimya. Maoni ya majimbo yaliyoshindwa katika kura yanaweza kushinda kwenye mlango wa zahanati.

Katika Kongo, mabadiliko yalikuja kwa njia tofauti kabisa. Mkataba wa Maputo, unaokubali kutoa mimba kwa hospitali katika hali kama kubakwa ao hatari kwa mama, ulitangazwa katika Gazeti Rasmi mwezi Machi 2018. Kwa Katiba, mkataba uliotangazwa uko juu ya sheria za kawaida. Vifungu vya 165 na 166 vya kitabu cha makosa, vinavyoadhibu kutoa mimba, havikufutwa na tangazo hilo. Hapakuhitajika agizo la jimbo lolote.

Huko Johannesburg, hukumu ya 2006 haikubaki peke yake. Siku iliyofuata, tarehe 18 Agosti, korti ile ile iliamua juu ya Matatiele, mji uliohamishwa kutoka KwaZulu-Natal kuingia Eastern Cape, na ikatangua uhamisho huo kwa sababu bunge la KwaZulu-Natal halikuwasikiliza raia. Mwaka 2016 ilianguka sheria juu ya kurudisha mashamba, kwa sababu vikao vilikimbizwa. Na tarehe 30 Mei 2023 ikafika zamu ya sheria juu ya machifu na viongozi wa Wakhoi na Wasan. Vikao vilikuwa vimefanywa, lakini matangazo yalichelewa, watu wa vijiji hawakupata gari za kuwafikisha, na mswada uligawanywa kwa Kiingereza. Bunge lilipewa miezi 24 ili kuanza upya.