Batiki ya Barafu kwa Joto la Jangwani

Theluji ya Kilimanjaro haishuki hadi Jangwani, Dar es Salaam, lakini batiki inayotiwa rangi kwa theluji huko ughaibuni inawezekana hapa kwa barafu ya kawaida. Tena kwa jambo moja sisi tuna nafuu.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Ukinunua Mtaa wa Uhuru, chomoa nyuzi chache uziwashe: pamba huungua ikanuka karatasi na kuacha majivu laini, poliesta hujikunja, ikabaki donge gumu. Hiyo irudishe. Ya pamba iloweke nusu saa kwenye maji ya soda ashi, gramu 50 hivi kwa lita, uikamue, uifinyange juu ya wavu ulioegeshwa kwenye beseni. Rundika barafu, kisha nyunyiza rangi ya unga juu yake. Barakoa usoni, glavu mikononi.

Mafundi wengi wa batiki hukwama hapa. Rangi waliyoizoea, ile inayotaka kostiki na haidrosalfaiti, haifai. Inatakiwa inayojishikiza yenyewe kwenye uzi wa pamba, aina iliyoingizwa sokoni na kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1956. Nyeusi ya aina hiyo kwa kawaida ni mchanganyiko. Barafu ikiyeyuka taratibu, kila rangi iliyomo huyeyuka na kushika kwa wakati wake, ndipo nyeusi inapoachana: bluu huku, wekundu kule.

Sasa nafuu yetu. Rangi hizi hushika vizuri kuanzia nyuzi joto 21 hivi. Penye theluji, beseni huingizwa ndani kusaka joto. Dar joto ni la bure. Ila vibarafu vya friji vitakwisha kabla hujageuka, kwa hiyo tafuta mapande makubwa kama yanayohifadhia samaki Feri, weka kivulini, funika, acha hadi kesho. Suuza mpaka maji yatoke safi.

Doa la namna hii halirudiwi, ndiyo maana linafaa shuka la viraka lisilochorwa kabla. Walimu wa kazi hiyo tunao: Wasidi wa Karnataka, India, ambao baadhi ya wahenga wao walitoka Afrika Mashariki. Shuka lao, kawandi, huanzia ukingoni. Mwanamke hutandika viraka vya nguo kuukuu, hupiga bandi kwa mkono, huzunguka hadi katikati, kila kiraka akikiamulia papo hapo. Pembeni hupachika vipembetatu viitwavyo phula, maua. Bila hivyo, kwao shuka halijakamilika.