Kabla hujang'oa jino, uliza habari za mfupa

Je, una mpango wa kung'oa jino? Subiri kidogo. Hapa Nakuru, Njoro hadi Gilgil, wengi wetu tuna meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi nyingi katika maji ya visima. Wako wanaoniuliza kama wayang'oe, wawekewe mengine meupe. Huwajibu kwamba jino likiwa kahawia lakini imara, bado linauhifadhi mfupa wa taya.

Pengo halibaki kama lilivyoachwa. Katika mwaka wa kwanza mfupa ule unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, sehemu kubwa ikipotea katika miezi 3 ya mwanzo. Ukija baadaye kutaka jino la kupandikizwa, huenda daktari wa meno akakosa mahali pa kukaza skrubu.

Mfupa unaweza kuoteshwa upya, ila nyama ya ufizi hukua haraka zaidi na kulijaza pengo. Kwa hiyo daktari hutia chembechembe za mfupa, kisha huzifunika kwa utando wa kuuzuia ufizi. Utando wa titani ni imara, lakini lazima upasuliwe tena ili utolewe. Ule wa kolajeni huyeyuka wenyewe, ila ni laini, na aghalabu hutokana na nguruwe au ng'ombe. Kama dini yako inakukataza, uliza mapema.

Siku hizi upo utando wa magnesiamu, mgumu mwanzoni, kisha huyeyuka mwilini baada ya miezi kadhaa. Wazo hili ni kongwe. Mwaka wa 1906 Dkt Albin Lambotte wa Ubelgiji aliunga mguu uliovunjika kwa bamba la magnesiamu na misumari ya chuma. Baada ya siku 8 bamba lilikuwa limemumunyika na gesi kujaa chini ya ngozi! Metali mbili tofauti zikigusana katika majimaji ya mwili, magnesiamu huliwa upesi. Ndiyo sababu utando wa leo hubanwa kwa skrubu za magnesiamu. Gesi kidogo bado hutoka, nayo mwili huifyonza. Lakini ukiona usaha, homa au maumivu yanayozidi, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Usitarajie kuupata utando huu katika kila kliniki. Hata hivyo, uliza kabla ya koleo kushika jino: mfupa wangu utalindwaje? Na kama unavuta sigara au una kisukari, mwambie daktari, maana kidonda chako kitachelewa kupona.