Korongo Lililoanza Katika Shamba Langu

Mimi ni karani wa serikali mjini Nairobi, na shamba nililorithi kwa marehemu baba yangu liko katika vilima vya Mbooni, nchi ya Ukambani. Kwa muda wa miaka minne, kila kikundi chetu cha mwethya kilipoitwa kazini, mimi nilituma fedha kwa simu badala ya kwenda mwenyewe. Nilidhani kwamba nimetimiza wajibu wangu. Mwezi wa Septemba mwaka jana mwenyekiti alizirudisha fedha zangu zote, akaongeza maneno haya machache: "Safari hii hatutaki senti zako. Njoo Jumamosi na jembe. Kazi iko kwako."

Wasomaji wasio wa Ukambani yafaa waelezwe mwethya ni nini. Ni desturi ya zamani ya majirani kukusanyika na kufanya kazi moja kwa pamoja bila ujira: leo kwa fulani, kesho kwa mwingine, mpaka kila mmoja apate zamu yake. Mwenye shamba hutoa chakula, nao wageni hutoa jasho. Asiyefika bila sababu hutozwa faini, wala hakuna anayelalamika, maana sheria hiyo wameitunga wenyewe.

Niliwasili Ijumaa jioni. Kabla ya kufika nyumbani nikapita shambani, na hapo nikaona jambo lililonitia aibu. Katikati ya shamba langu palikuwa na korongo ambalo mtu mzima aweza kusimama ndani yake asionekane. Lilianza penye tuta la juu kabisa, likateremka, likavuka mpaka, likaingia katika shamba la jirani yangu, mama mjane. Kwake lilikuwa limekwisha kula matuta matatu na kuung'oa mwembe mmoja wenye kuzaa.

Chanzo chake kilikuwa kidogo sana. Maji ya barabara ya juu yalivunja tuta langu mahali pasipozidi urefu wa hatua mbili. Mtu mmoja mwenye jembe angalipaziba kwa asubuhi moja. Lakini mwenye shamba alikuwa Nairobi akiandika barua za watu wengine, na mvua haingoji barua ijibiwe. Misimu minne ikapita, na ule ufa ukawa korongo. Mama yule hakunishtaki kwa chifu. Alikwenda kusema katika kikundi tu.

Jumamosi alfajiri tulikuwa watu 27, na kati yao wanawake 21. Kazi ya kwanza ilikuwa kupima. Kijana mmoja na mama mmoja walishika vijiti viwili vyenye urefu sawa, vimeunganishwa kwa uzi, na katikati ya uzi wakatundika pimamaji. Tone la hewa likisimama katikati, basi miguu ya vijiti vyote viwili iko sawasawa, hata kama macho yanasema sivyo. Mimi nilisoma hesabu katika shule ya misheni, nikajaribu kukisia kwa macho mahali pa kuweka kigingi. Nilikosea kwa zaidi ya futi moja. Wakacheka sana, nami nikacheka pia.

Baada ya kupima tulichimba kwa mtindo uitwao "fanya juu." Mtaro wenye upana wa futi 2 na kina cha futi 2 huchimbwa kukata mteremko, na udongo wote hurushwa upande wa juu, ukawa ukingo. Kurusha udongo juu ni kazi nzito kuliko kuuacha uteremke, lakini faida yake ni kubwa. Maji ya mvua hukwama nyuma ya ukingo, yakazama ardhini. Na udongo yanaouchukua hubaki hapo hapo. Mwaka hata mwaka nafasi iliyo kati ya kingo mbili hujisawazisha, na mteremko ukageuka kuwa ngazi. Ukingo hupandwa nyasi, kama vile nepia au makarikari, ili mizizi iushike na ng'ombe wapate malisho. Wataalamu wa nchi nyingine wanapoandika habari za kazi hii kwa lugha zao, hutumia maneno yetu yaleyale: fanya juu.

Adhuhuri tuliketi chini ya mti kula muthokoi. Kijana mmoja akauliza kama si kweli kwamba matuta haya ni kazi iliyoletwa na wakoloni kwa fimbo, na kama ni hivyo, kwa nini twaifanya kwa hiari. Mzee mmoja aliyepita miaka 80 akaweka sahani yake chini akamjibu.

Alimweleza kwanza aliyoyasikia kwa baba yake. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ikisema kwamba mifugo imezidi na ardhi inaharibika, iliwachukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu na kuwauza. Maelfu ya watu, waume kwa wake, walikwenda Nairobi kudai haki yao, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Serikali ikalegeza amri yake, lakini Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kifungoni Lamu. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, watu walilazimishwa kuchimba matuta kwa siku maalum, chini ya macho ya machifu. "Wengi tuliyachukia matuta," akasema mzee, "kwa sababu tuliichukia amri. Lakini udongo, mwanangu, haujui nani ametoa amri. Ukiachwa wazi huenda. Tulipoachiwa kuchagua wenyewe, tulichagua fanya juu, kwa maana tuliona mahindi yanabaki mabichi pale ambapo ya jirani yamekauka."

Maneno ya mzee yanathibitishwa na vitabu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya wilaya ya Machakos, ambayo zamani ilikuwa pamoja na Makueni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wilaya hiyo ilikuwa na watu wapatao 240,000, na maofisa wa wakati ule walidhani nchi inakaribia kuwa jangwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 watu walikuwa karibu milioni 1.4, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno ya kila ekari yalikuwa yameongezeka. Sehemu kubwa ya matuta hayo yalichimbwa kwa mikono ya watu wenyewe na vikundi vyao, hasa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa mijini, kama mimi.

Alasiri ndipo jambo gumu lilipokuja. Matuta peke yake hayatoshi iwapo maji ya barabara yanaendelea kuingia kwa nguvu. Ilibidi uchimbwe mtaro mkubwa juu ya shamba kuyakinga, na mtaro huo uwe na mahali pa kuyamwaga. Maji hayafi kwa kuzuiwa, hutafuta njia. Wapimaji walizunguka kila upande, wakarudi wakasema njia ni moja tu: kipande cha tambarare kilicho pembeni mwa shamba langu, ambacho kingeachwa kiwe na nyasi tupu daima. Mahali hapo ndipo nilipokusudia kujenga nyumba yangu. Mawe ya msingi nilikuwa nimekwisha kuyanunua.

Nilinyamaza. Kisha nikauliza kama mtaro hauwezi kugeuzwa upande wa pili. Mwenyekiti akajibu kwamba waweza, ila utamwagia kwa mama mjane. Hakuna aliyesema neno. Mama yule alikuwa ameketi akiondoa udongo katika jembe lake kwa kijiti, akasema bila kuniangalia, "Mwanangu, mimi sina mahali pengine pa kulima." Hakusema zaidi. Basi nikasema, "Chimbeni huku." Nasema kweli kwamba sikusema kwa furaha. Lakini nilisema, na kabla ya jua kutua mtaro ulikuwa umefika nusu.

Jumapili, baada ya ibada, tulirudi kwa saa tatu. Tulivunja matumbo ya korongo kwa vizuizi vya mawe, kimoja chini ya kingine, ili maji yapunguze mwendo na kuacha udongo nyuma yake. Mawe yale ya msingi wa nyumba yangu yalitumika yote. Nilichekwa tena, na safari hii nilicheka kwa moyo zaidi.

Mvua za vuli zilianza, na mwezi wa Novemba nikaomba ruhusa ya siku moja kazini, nikaenda kutazama. Maji ya barabara yalikuwa yakipita katika mtaro, yakiteremka taratibu juu ya nyasi changa tulizozipanda mvua zilipoanza. Nyuma ya kila kizuizi cha mawe palikuwa na udongo mwekundu wa futi nzima. Korongo bado lipo, na litachukua miaka mingi kujaa. Lakini halikusonga mbele hata hatua moja, na mama jirani yangu alikuwa amepanda kunde juu ya matuta mapya.

Makarani wenzangu, walimu na wote mnaofanya kazi mijini, nawaomba mfikiri. Udongo unaotoka Mbooni huingia mto Athi, ambao mbele huitwa Galana na kisha Sabaki, ukafika baharini karibu na Malindi na kuyatia maji rangi nyekundu. Hakuna mshahara uwezao kuurudisha. Kila mmoja wetu afanye mambo matatu: kwanza, kabla ya kila msimu wa mvua akague matuta yake mwenyewe, au amweke mtu wa kuyakagua. Pili, aulize maji yatokayo shambani kwake huenda wapi, na ni nani anayeyapokea. Tatu, awe mwanachama wa kikundi cha kwao kwa mwili wake, angalau mara mbili kwa mwaka, wala asidhani kwamba fedha zaweza kushika jembe.

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuziba ufa wangu, na waliojenga ukuta ni majirani 26. Zamu ijayo ni ya mama mjane, mwezi wa Agosti. Jembe langu nimelinunulia mpini mpya.