Jeni za Kurithi na Saratani ya Ovari

Saratani ya ovari, yaani ile inayoanzia kwenye vifuko vya mayai ya mwanamke au kwenye mirija inayoyapokea mayai hayo, mara nyingi humpata mtu ambaye ukoo wake hauna historia ya ugonjwa huo. Hata hivyo, wapo wagonjwa wasio wachache waliozaliwa na hitilafu katika jeni, yaani kipande cha DNA kinachobeba maelekezo ya kutengeneza protini fulani mwilini.

Jeni zinazohusika zaidi ni BRCA1, iliyo katika kromosomu ya 17, ambayo mahali pake palibainishwa na Mary-Claire King na wenzake mwaka 1990, na BRCA2, iliyo katika kromosomu ya 13. Protini zake hukarabati DNA pale nyuzi zake zote mbili zinapokatika. Kwa kuwa kila mtu hurithi nakala mbili za jeni hizi, moja ya mama na nyingine ya baba, aliyezaliwa na nakala moja mbovu huweza kuishi miaka mingi akiwa mzima. Hatari huja pale seli mojawapo inapopoteza hata nakala nzima iliyobaki, makosa yakarundikana ndani yake, nayo ikaanza kugawanyika ovyo. Kinachorithiwa, basi, ni wepesi wa kuugua, na wepesi huo si mdogo: kufikia umri wa miaka 80, wanawake wapatao 44 katika kila 100 wenye hitilafu ya BRCA1, na wapatao 17 wenye ile ya BRCA2, hupata saratani ya ovari, ilhali kwa wanawake wote kwa jumla hawazidi 2.

Upande wa baba ndio unaosahauliwa, tena kwa madhara makubwa. Mwanamume hana ovari, hivyo hitilafu huweza kupita kwake kimyakimya na kumfikia binti yake, kwani kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Daktari anayeuliza habari za mama na mama wadogo pekee, akawaacha shangazi na bibi mzaa baba, amesoma nusu tu ya ukoo.

Hakuna kipimo cha kila mwaka kilichothibitika kuokoa maisha. Utafiti wa Uingereza uliowahusisha wanawake zaidi ya 200,000, ambao matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2021, haukuona vifo vikipungua. Ndiyo maana mwenye hitilafu ya BRCA1 aliyemaliza kuzaa hushauriwa kuondolewa ovari na mirija kati ya miaka 35 na 40, upasuaji unaopunguza sana hatari lakini unaomkomesha hedhi mapema. Wataalamu walioichunguza mirija hiyo kwa hadubini walikuta vijisaratani kwenye ncha zake zenye vishada, na hapo ikafahamika kwamba saratani nyingi za ovari huanzia huko.

Mwanamke ambaye ndugu yake wa damu, wa upande wowote, amewahi kuugua saratani ya ovari, au ya matiti kabla ya miaka 50, amweleze daktari bila kungoja dalili. Na ikiwa ndugu huyo yu hai, inafaa yeye ndiye aanze kupimwa jeni.